Juzuu Isiyo na Shetani Hata Mmoja

Jumatatu, 2 Julai 2007

Ukungu mpaka saa nne. Vidole vimekufa ganzi. Akili safi kabisa.

Kabati limeshitakiwa. Naandika kwa utaratibu, maana siku moja watu watataka kujua ilivyokuwa.

Kabati ni la vitabu, la parokia yetu hapa Karatu. Ufunguo ninao mimi, Benedicta, tangu nimalize kidato cha sita. Rafu ya juu, maisha ya watakatifu. Rafu ya kati, kilimo cha ngano, vitabu vya hesabu na kamusi isiyo na herufi S. Rafu ya chini, juzuu kumi na saba za *Kengele ya Chuma*. Hiyo rafu ya chini ndiyo sababu ya mimi kuamka asubuhi.

Ni vitabu vya katuni kutoka Japani, vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Alituachia Mwalimu Nakano, aliyetufundisha hesabu kwa miaka miwili kisha akarudi kwao. Shujaa anaitwa Rendo. Amebeba kengele ya chuma mgongoni. Ikilia, shetani aliye karibu analazimika kutaja jina lake, na akishalitaja Rendo anamkata kichwa. Ndivyo inavyokwenda kwa juzuu kumi na sita. Nimezisoma zote mara nne. Mara ya tano nilikuwa na malaria, na hiyo ndiyo niliyoielewa zaidi.

Wiki iliyopita Katekista Clemensi alikuja kutafuta kitabu cha ngano, akakutana na jalada la juzuu ya kumi na moja. Jaladani yupo shetani mwenye pembe anakula mnara wa kanisa. Akaenda moja kwa moja kwa Paroko. Paroko ni mtu wa shughuli nyingi, akasema wazee watatu wasome juzuu moja kwa niaba ya zote, waamue Jumapili baada ya misa ya pili. Wakikataa, zote zinakwenda kwenye tanuri. Parokia inachoma matofali ya ukumbi mpya na kuni ni shida.

Kisha akasema juzuu ya kusomwa ataichagua mwenye ufunguo.

Yaani mimi. Hapo walishashindwa.

Nimechagua ya kumi na saba. Haina shetani hata mmoja. Ni juzuu ya mpito: vita vya zamani vimekwisha, vipya havijaanza, na katikati mtu anakaa tu. Kurasa mia moja tisini na mbili bila tone la damu. Ndiyo juzuu mbaya kuliko zote, na ndiyo itakayoziokoa zote.

Aliyemwonyesha Katekista lile jalada namjua. Goodness. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, wamekuja kutoka Machame. Tulisoma darasa moja, akanizidi pointi moja kwenye mtihani wa mwisho, na kila Jumatano anakuja kunisaidia kufuta vumbi. Siku ile alikuwepo. Muda wote anatabasamu. Mtu asiye na la kuficha hawezi kutabasamu hivyo.

Jumanne, 3 Julai

Nimeisoma tena ya kumi na saba, nimekaa karibu na mashine ya Shangazi Lusia. Naishi kwake. Anafuma masweta ya shule, na mashine yake inakwaruza asubuhi mpaka jioni. Leo kelele ile ilinisaidia nisilale.

Muhtasari, kwa kumbukumbu. Mwishoni mwa ya kumi na sita, Kasparo, rafiki wa Rendo, anakufa kwa majeraha kibandani mwa Rendo. Katika ya kumi na saba Rendo anamzika, kisha anahamia kibanda kingine pembezoni mwa kijiji, ng'ambo ya kijito. Anakaa humo majira yote ya baridi. Kijito havuki. Ana bakuli lake peke yake, lenye ufa. Wanakijiji wanamwekea uji juu ya jiwe, wanaondoka, ndipo anatoka kuuchukua. Mwenye neno naye anapaza sauti kutoka ng'ambo. Mbuzi wake anakunywa maji chini ya pale wanapokunywa mbuzi wa wengine. Mwisho theluji inayeyuka, kikongwe anavuka, anamnyoa nywele, analivunja bakuli, na Rendo anarudi kwa watu. Basi.

Ukurasa wa arobaini anashona kiatu. Ukurasa wa arobaini na tano anashona kiatu kile kile.

Maoni yangu: mwandishi alichoka, wakampa juzuu nzima ya kupumzika. Kwangu ni neema.

Kuna tatizo moja. Kurasa nyingi hazina maneno. Mzee akiona mtu amekaa kimya kurasa ishirini atajiuliza anafikiria nini, na mzee akishajiuliza, biashara imeharibika. Nimetafuta dawa. Nimepika gundi ya unga wa ngano, nimekata karatasi nyeupe, nimeandika kwa Kiswahili safi na kubandika penye nafasi. Rendo anaangalia moto: "Ee Mungu, unirehemu." Rendo anaangalia mlima: "Baba Yetu uliye mbinguni." Kwenye jiwe la uji: "Matoleo." Vipande sitini na kimoja. Kitabu kimenenepa kidogo, lakini kimetakata.

Shangazi alisimama kubadilisha uzi, akachungulia begani kwangu. Akauliza kijana huyu amefiwa na nani. Nikamweleza kwamba hapa hoja si kufiwa, ni kipindi cha mpito katika muundo wa masimulizi. Akasema sawa, ila amefiwa na nani, na mbona hawajamnyoa. Nikamwambia huko kwao ni baridi. Akarudi kwenye mkono wa sweta lake.

Elimu yake iliishia darasa la saba. Simlaumu.

Jumatano, 4 Julai

Goodness amekuja na kitambaa chake cha vumbi. Na ushauri.

Anasema niwape wazee juzuu ya tisa. Ile ambayo shetani mwenye vinywa saba amejificha kisimani, kijiji kizima kinakesha kikisali na mishumaa, na Rendo anamtoa. Nikashangaa anaijuaje. Akasema amezisoma zote, mara mbili, Jumatano nikiwa nimekwenda kunywa chai.

Nilimuuliza anataka wazee wetu waone shetani mwenye vinywa saba? Akacheka. "Bene, shetani wanamjua. Si wanamkemea kila Jumapili? Wape kitu wanachokijua. Hiyo ya kumi na saba ni nzuri, lakini ni ya mtu aliyeshazoea."

Ni nzuri. Alisema hivyo, akinitazama machoni.

Mtego ulikuwa wazi. Nilimshukuru kwa upole, nikamwambia juzuu ya tisa imeliwa na mchwa. Alisikitika kweli kweli, akauliza kurasa zilizosalia ziko wapi ili azishone kwa uzi wa magunia, dukani kwao upo. Anaigiza vizuri, ni kipaji. Alipoondoka niliifukia ya tisa kwenye kikapu cha Shangazi, chini ya nyuzi za rangi ya damu ya mzee. Shule inayovaa rangi hiyo haijaagiza masweta tangu mwaka jana.

Mchana nikampelekea Mama Anneth juzuu ya kumi na saba. Ndiye mzee wa kwanza, mwenyekiti wa akina mama.

Alhamisi, 5 Julai

Mama Anneth ameniita dukani kwake. Anauza vitenge karibu na soko, kwao ni Marangu. Nimemkuta macho mekundu.

Nilidhani nimekwisha. Akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, kitabu hiki kimeniliza. Nilimfungia mteja mlango."

Akanisimulia alivyokielewa. Kuna mtu ananyolewa na bibi mkali, anafukuzwa kijijini, anavuka maji. Anateseka nyikani peke yake, anakonda, ila kusali haachi. Mwisho kabisa anakwenda kwenye kaburi la rafiki yake, analifukua kwa mikono yake, na rafiki anatoka mzima. Wanakumbatiana. "Ni Lazaro kabisa," akasema. "Wajapani nao wameipata habari."

Nilichukua muda kuelewa. Vitabu hivi huanzia upande wa kulia, ndivyo wanavyosoma kwao. Mama Anneth alianzia kushoto. Ameisoma juzuu nzima kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, na Kasparo amefufuka.

Nikawa na mambo mawili ya kuchagua, ukweli au kura. Nikachagua kura. Nikamwambia naam, sura ile ya ufufuko hata mimi hunigusa.

Jioni ikafika zamu ya Mwalimu Yohani. Alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na kustaafu hakujamsaidia. Alimaliza kitabu kwa saa moja. Kwenye ukuta wa kibanda Rendo anachora mstari kila siku anayokaa pale. Mwalimu ameihesabu. Ukurasa wa themanini na nane ni mistari sitini na minne, na ukurasa wa mia na ishirini ni sitini na mmoja. Siku haziwezi kupungua. Zaidi ya hapo hana pingamizi, mtu mwenyewe anaonekana mtulivu. Amempa saba juu ya kumi.

Kura mbili kati ya tatu. Kwa demokrasia yoyote nimeshashinda. Katekista Clemensi, mzee wa tatu, nitampelekea kesho kwa heshima tu.

Ijumaa, 6 Julai

Nilimpelekea saa mbili asubuhi. Saa saba baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta wa Shangazi.

Hakunywa chai. Katekista Clemensi ni mzaliwa wa Kansay, amekuwa katekista miaka thelathini, na sijawahi kusikia amekataa chai. Aliweka juzuu ya kumi na saba mezani. Akaniuliza ni nani amenifundisha mambo haya.

Nilidhani ananisifu. Nikajibu kwamba nimejifundisha mwenyewe.

Akafungua ukurasa wa jiwe na bakuli. Akaweka kidole. Akasema neno moja, "Metimani."

Neno hili nimewahi kulisikia likinong'onwa. Nilipelekwa bweni kwa masista nikiwa na miaka kumi, mengi yamenipita. Alinieleza taratibu, kama anafundisha watoto wa komunyo. Zamani, na kwingine mpaka leo, nyumba ya sisi Wairaqw ikifiwa na mtoto, au mimba ikiharibika, wale wa nyumba ile walitengwa. Wanakaa peke yao. Chombo chao hakiguswi. Ng'ombe wao hawachanganywi na wa wenzao majini. Asiyefiwa hawasogelei, asije akabeba balaa. Hata mwaka.

"Miaka thelathini," akasema, "nazunguka na baiskeli hii kigango kwa kigango, nawaambia watu kufiwa si uchafu. Nawaambia mwendeeni mwenzenu, kaeni naye, kuleni naye. Sasa nafungua kitabu cha parokia, na humo ndani mtu amekaa metimani majira mazima." Akafunua ukurasa wa sabini na moja. "Na wewe, binti wa Mungu, umembandikia Baba Yetu."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali.

Nikajaribu kumweleza kwamba aliyechora ni Mjapani na hajawahi kufika Karatu. Akasema basi amepata mtu wa kumtafsiria vizuri. Jumapili atasimama na kuyasema yote. Mama Anneth si mtu wa huku, hajui alichokiona, na akielezwa atageuka. Zote kumi na saba zitakwenda kwenye tanuri. Akapanda baiskeli. Kitabu akakiacha pale pale, kama sahani iliyoingia nzi.

Mashine ya Shangazi ilikuwa imenyamaza. "Nilikuuliza amefiwa na nani," akasema, kisha akaendelea kufuma.

Mtu mwingine angelia. Mimi nimeosha uso na kupanga upya. Nahitaji mtaalamu. Kesho ni Saba Saba, magari yapo. Naenda Kansay kwa Bibi.

Jumamosi, 7 Julai. Saba Saba

Nimepanda pikapu iliyokuwa inakwenda kuchukua maharage. Nimefika mwekundu kwa vumbi, hadi kope.

Bibi alikuwa anapura maharage yake uani. Nilimwekea juzuu ya kumi na saba mapajani, nikamfungulia upande sahihi. Bibi hajui kusoma. Alilowesha kidole, akaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja, na kwa saa nzima nilikaa nikisikia kitabu kikisahihishwa.

Bakuli ni sawa. Mbuzi kunywa chini ya wenzake ni sawa kabisa. Ukurasa wa mia moja na mbili alikunja uso. Rendo anaazima shoka la jirani. "Hapa amekosea. Jirani huyo ana watoto, anataka kuwaua?" Penye vipande vyangu vya karatasi aliuliza ni plasta za nini. Kuhusu kiatu alisema hata yeye alishona. Mikono inatafuta kazi.

Nikauliza alishona nini.

Alikuwa na mtoto kabla ya baba yangu. Wa kiume, miezi minne. Sikujua. Nina miaka ishirini na moja, nina daraja la kwanza kidato cha sita, na sikujua. Baada ya hapo alikaa peke yake kutoka maharage mpaka maharage mengine. Babu alikaa naye lakini hakusema kitu. Watu walipita njia ya mbali. Isipokuwa mwanamke mmoja ng'ambo ya korongo. Kila asubuhi alisimama ukingoni na kumpigia Bibi kelele: mvua imenyesha wapi, ng'ombe wa nani amezaa, nani kaoa, nani kafumaniwa. Hakuvuka hata siku moja. Na hakukosa hata siku moja.

Mwanamke huyo ndiye mama yake Clemensi.

Nikamuuliza Bibi kama Clemensi anakosea. Akasema hakosei hata kidogo, jambo lile hamtakii hata adui yake. "Lakini kitabu chako hakijasema ni vizuri. Kimesema tu alikaa."

Kwa dakika nzima sikuwa na mpango wowote kichwani. Ni hali ngeni, simshauri mtu.

Wakati naondoka Bibi alisema nimweleze tu Clemensi habari ya mama yake, inatosha. Nililitafakari hilo njiani, juu ya magunia. Ni wazo la mtu mzima wa kijijini, zuri kwa namna yake, ila halina mbinu ndani yake. Kufika njia panda nilikuwa nimepata lililo bora. Rendo hayuko metimani. Rendo yuko kwenye mafungo ya kiroho.

Nimeandika hotuba ya kurasa tisa.

Jumapili, 8 Julai

Chumba cha nyuma ya kanisa, baada ya misa ya pili. Wazee watatu mezani. Mimi nimesimama, nimevaa sketi ya mahafali.

Hotuba ilianza kwa nguvu. Nilisema jiwe ni altare, uji ni matoleo, kijito ni ukimya. Nilisema watakatifu wa rafu ya juu nao walikaa peke yao, tena mapangoni, na hakuna anayewapeleka kwenye tanuri. Katekista Clemensi alisikiliza, akauliza kikongwe anayenyoa ni nani basi. Nikajibu ni mlezi wa mafungo, anafunga mafungo kwa kunyoa.

Mama Anneth akashtuka. "Anafungaje? Si anaanza naye? Ananyolewa kwanza ndiyo anafukuzwa."

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Katekista akasema hapana, ananyolewa mwisho, metimani inapoondolewa. Mama Anneth akasema mwisho ni ufufuko. Katekista akauliza ufufuko gani. Mwalimu Yohani akasema kama kuna aliyekuwa anasoma kutoka nyuma, basi kwake mistari ya ukutani inaongezeka kwa haki na yeye anaondoa pingamizi lake. Wote wakanigeukia.

Nilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa hotuba.

Mlango ukafunguliwa. Goodness, na juzuu ya tisa mkononi, ina nyuzi za damu ya mzee kwenye pembe zote. Akaomba radhi kwa kuingilia. Shangazi Lusia ameikuta kapuni, ile shule imeagiza masweta mia moja asubuhi hii, naye amempa ailete haraka. Akanigeukia akiwa na furaha tele. "Bene, mchwa hawakuigusa hata kidogo."

Nilijifanya natafuta ukurasa wa tatu.

Katekista Clemensi aliivuta ya tisa. Akaifungua katikati, kwenye shetani mwenye vinywa saba, kurasa mbili nzima, mate mpaka pembeni. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameinama juu ya meza. "Huyu," akasema, kama mtu aliyekutana na mwanakijiji mwenzake mjini. "Huyu namfahamu." Akafunua, akafunua tena. Akaona kijiji kinasali na mishumaa. Akauliza bila kuinua kichwa kama shetani anashindwa. Goodness akamwambia ukurasa wa mia moja na sabini. Mwalimu Yohani alihesabu vinywa. Vilikuwa saba.

Juzuu kumi na sita zimepita pale pale. Mashetani wote, pembe zote, vichwa vyote vilivyokatwa. Katekista alisema vijana wakisoma hivi wataogopa dhambi.

Ya kumi na saba akasema haiwezi kukaa kabatini. Itakwenda kwenye tanuri.

Hapo sijui nini kilinipata. Juzuu ile siipendi, nimeshaandika. Nilipaswa kunyamaza na kuondoka na kumi na sita. Badala yake nikajikuta naongea bila karatasi. Nilimweleza alivyokaa Bibi. Nilimweleza korongo, na mwanamke aliyesimama ukingoni kila asubuhi akipiga kelele za mvua na ng'ombe kutoka maharage mpaka maharage, na kwamba alikuwa mama yake. Nilisema yule anayepaza sauti ng'ambo ya kijito yupo pia kitabuni, ukurasa wa hamsini na nane, na nikamwonyesha.

Katekista aliuvuta ukurasa huo karibu na macho.

"Kumbe," akasema. "Mama alikuwa na sauti kubwa mno. Nyumba nzima tulikuwa tunamnyamazisha. Hakutuambia alikozoea kuipaza."

Akaitia juzuu ya kumi na saba kwenye mkoba wake, pamoja na kitabu cha nyimbo. Akasema ataitunza kwake. Tanuri halikutajwa tena.

Kisha, bila hasira, akanidai ufunguo. Ni kwa ajili ya mchwa, alisema. Kabati haliwezi kutunzwa na mtu anayesingizia mchwa. Amekabidhiwa Goodness.

Tathmini yangu: ile hotuba ya mafungo ndiyo iliyolainisha udongo. Bila kurasa zile mbili, habari ya Bibi isingeota. Kilichoniangusha ni masweta mia moja, jambo ambalo hakuna mpangaji duniani angeliona mapema.

Jumanne, 10 Julai

Siku ya ushindi. Naandika polepole ili niifaidi.

Saa tatu posta walinipa kifurushi kutoka Japani. Juzuu ya kumi na nane. Mwalimu Nakano ameambatanisha kadi: ndiyo kwanza imetoka, akaona asisubiri, niangalie picha pamoja na wenzangu. Ushauri wa ajabu kutoka kwa mwalimu wa hesabu. Niliiingiza kwenye sweta na kuja nyumbani bila kumsalimia mtu.

Saa tano akaja Goodness. Mimi nimekaa kwenye stuli, kitabu nimekikalia.

Alikuwa na habari nyingi. Jumapili ijayo anakwenda Arusha chuoni, uhasibu. Katekista Clemensi ameshaisoma ya kumi na saba mara mbili. Ameloweka vipande vyangu vyote vikabanduka, anamwonyesha mkewe picha, na mkewe anauliza asubuhi na jioni Rendo alipovuka kijito walimpokea vipi. Wanataka kujua kama inayofuata imefika. Na kuhusu lile jalada, amesikia kwa Shangazi kwamba namshuku yeye. Siye. Katekista aliliona mwenyewe, na Goodness ndiye aliyemwomba asiende kwa Paroko, akakataa.

Halafu akatoa ufunguo, akanyoosha mkono. "Chukua, Bene. Katekista amekubali. Anasema umesema kweli siku moja, unaweza kusema tena."

Ufunguo, tabasamu, habari njema nne kwa mpigo. Nani anarudisha ufunguo aliopewa mbele ya wazee? Ni wazi kuna kitu kabatini. Labda mchwa wa kweli. Wameshaingia, sasa anatafutwa wa kumbebesha lawama.

Nikaukataa. Kwa adabu, lakini kwa uso wa mtu anayejua. Nikamwambia ampe Mwalimu Yohani, anapenda kuhesabu. Kuhusu inayofuata nikamwambia Mwalimu Nakano ameacha kuandika barua, na nasikia mwandishi mwenyewe ni mgonjwa. Goodness alisimama kidogo mlangoni. Akaniuliza kama stuli ile inakaa vizuri, maana imeinuka upande mmoja. Nikasema inakaa vizuri sana. Akaenda zake.

Shangazi alisimamisha mashine, akanitazama, akatikisa kichwa, akaiwasha tena.

Basi. Katika wilaya nzima ya Karatu, mwenye juzuu ya kumi na nane ni mimi peke yangu. Hakuna kamati, hakuna Jumatano, hakuna wa kunisomea nikiwa nakunywa chai. Nimeifungua.

Imeandikwa kwa Kijapani.

Yote. Ile ya Kiingereza haijatafsiriwa bado, ndiyo maana ya ile kadi. Nimeangalia picha mara tatu. Kuna watu wanamzunguka Rendo, wanamgusa kichwani mmoja mmoja, wengine wanalia na wengine wanacheka, na sielewi ni kwa nini. Nafikiri ni watu wasio na umuhimu.

Sina wasiwasi. Lugha ni lugha. Kiingereza nilikimaliza, Kijapani kitanishinda nini? Nimejipa wiki mbili. Leo tayari nimeshaijua herufi moja. Inafanana na mtu aliyebeba ngazi, na nina hakika kabisa kwamba maana yake ni mtu aliyebeba ngazi.